Bei ya Hewa ya Mtungi Kisumu: Majibu kwa Wanaolalamika

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ilianguka ziwani ikijaribu kutua Bukoba, upande wa pili wa ziwa letu. Walikuwamo watu 43, na 19 kati yao walikufa. Wavuvi ndio waliofika kwanza. Ripoti ya awali ya wachunguzi wa Tanzania ilieleza kwamba kikosi cha uokoaji cha majini kilipofika, mitungi ya wapiga mbizi haikuwa na hewa ya kutosha, na boti yao ilikuwa na upungufu wa mafuta.

Nimeanza na Bukoba kwa sababu hapa Kisumu, kila bei ya kujaza mtungi wa kupiga mbizi inapotajwa, watu huizungumza kama jambo la watalii wa Diani na Watamu. Huuliza kwa nini hewa iuzwe, kisha hutafuta njia ya kumkwepa anayeijaza. Madai yao nimeyasikia Dunga, nimeyasikia Mbita, na baadhi yake yanaweza kuua mtu. Nayajibu moja baada ya jingine.

“Hewa ni ya Mungu. Mbona iuzwe?”

Hewa iliyo nje ya mtungi ni ya Mungu kweli. Iliyo ndani imefanyiwa kazi. Mtungi wa kawaida wa alumini una ujazo wa lita 11 hivi. Ili umfae mpiga mbizi, hewa hushindiliwa ndani yake mpaka presha ifike baa 200, yaani mara mia mbili ya presha inayotuzunguka ufuoni Mombasa. Lita 2,200 za hewa zinaingia ndani ya chombo unachoweza kukibeba begani. Ukitaka kujua ukubwa wa nguvu hiyo, kumbuka kwamba tairi la gari dogo hujazwa kwa baa mbili na kidogo.

Mlalamikaji anapofika hapa hupiga hesabu ya stima, na ana haki. Kompresa ndogo inayosukuma lita 100 kwa dakika hujaza mtungi mmoja kwa dakika 22 hivi, na mota yake haimalizi hata uniti mbili. Kwa hiyo anauliza: pesa nyingine zote zinakwenda wapi?

Zinakwenda kwenye filta. Hewa ikishindiliwa hutoa maji na hubeba mvuke wa mafuta kutoka ndani ya mashine, na injini ikiwa jirani, hubeba pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Kaboni amilifu ya kunyonya harufu, chembe za kukausha maji, na kemikali ya kuigeuza kaboni monoksidi, vyote hukaa ndani ya mkebe mmoja ambao una saa zake za kazi. Saa hizo hupigiwa hesabu kwa nyuzi joto 20. Kisumu mchana huvuka 30, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi, kwa hiyo mkebe huchoka mapema zaidi kuliko kijitabu chake kinavyosema. Anayefuata kijitabu cha Ulaya bila kupunguza saa anauza hewa yenye maji na mafuta.

Zinakwenda pia kwenye mafuta maalumu ya kompresa, ambayo hayauzwi petroli stesheni, kwenye vali na ringi zinazoagizwa kutoka nje, na kwenye ukaguzi wa mitungi: kutazamwa ndani kila mwaka na kupimwa kwa presha ya maji kila miaka mitano. Juu ya yote kuna gharama ambayo watu wengi hawaifikirii, nayo ni uchache wa wateja. Mashine inayojaza mitungi arobaini kwa siku hugawa gharama zake kwa arobaini. Inayojaza mitatu kwa wiki hugawa gharama zilezile kwa mitatu, na isipowashwa kabisa, unyevu huanza kuila. Ndiyo maana ninasema wanaokwepa kujaza hapa ndio wanaopandisha bei ya hapa.

“Mtu wa pancha ana kompresa, na hospitali zina oksijeni.”

Hili silijibu kwa upole. Kompresa ya kujaza upepo matairi huishia baa nane, kumi, au zaidi kidogo. Haifiki baa 200 hata ikinguruma usiku kucha. Wapo wanaotaka kuunganisha mpira kutoka kwenye kompresa hiyo moja kwa moja hadi mdomoni mwa mzamiaji, na hilo ni baya zaidi. Mashine hiyo haina filta ya hewa ya kupumua, na mara nyingi injini ya petroli iko kando yake ikitoa moshi. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumua, EN 12021, hakiruhusu zaidi ya sehemu 5 za kaboni monoksidi katika milioni. Kiwango ni kidogo hivyo kwa sababu presha ya maji huongeza nguvu ya sumu: gesi ambayo juu ingekupa kichwa kuuma, chini inaweza kukuzimisha fahamu.

Oksijeni ya hospitali ni hatari ya namna nyingine. Watu wa Siaya na Kisumu wanaijua thamani yake wodini, na hiyo ndiyo sababu baadhi yao hudhani kitu kinachookoa kitandani kitaokoa pia majini. Sivyo. Kuanzia kina cha mita sita hivi, oksijeni tupu huweza kuleta degedege. Mtu mwenye degedege chini ya maji hutema regulata na kuzama. Tena oksijeni ikikutana na mabaki ya mafuta ndani ya mtungi au vali, inaweza kuwaka. Mtungi wa mpiga mbizi una hewa ya kawaida iliyosafishwa. Mazoea yetu ya kuuita “mtungi wa oksijeni” yanafaa kuachwa, hata kwenye taarifa za habari.

“Nilijaziwa 200. Nilipofika ufuoni geji ilisoma 180. Ni wizi.”

Ni joto. Hewa inayoshindiliwa haraka hupata moto, na mtungi nao. Mtungi uliofika nyuzi 60 wakati wa kujazwa, ukipoa hadi 25, utashuka kutoka baa 200 hadi 179 bila kutoa pumzi hata moja. Dawa yake ni kujaza polepole, kuacha mtungi upoe, kisha kuongezea. Fundi anayekuambia uje baada ya saa mbili anakupa hewa nyingi kuliko anayekumalizia ukiwa umesimama mlangoni.

“Tuagize mitungi iliyojazwa kutoka Mombasa.”

Kwa ndege haiwezekani. Mashirika ya ndege hukubali mtungi wa kupiga mbizi ukiwa mtupu tu, vali ikiwa wazi au imeondolewa. Maana yake ni kwamba kikosi chochote kitakachoruka kwa ndege ya abiria kuja kutusaidia siku ya maafa kitatua Kisumu na mitungi isiyo na hewa. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na mitungi yenye presha hiyo haifai kurushwa kwenye buti la basi pamoja na magunia. Ikishatumika, irudi tena kilomita zilezile.

Tena hewa inakwisha upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye kina cha mita 10 hapa ziwani, mtu aliyetulia hutumia karibu lita 37 kwa dakika, kwa kuwa presha ya maji hufanya kila pumzi ibebe hewa nyingi zaidi. Akiacha akiba anayotakiwa kuiacha, mtungi mmoja humpa dakika 45 hivi. Anayetafuta mwili kwa kupapasa gizani, akivuta kamba, hupumua mara mbili ya hapo. Likoni mwaka 2019, gari lililotumbukia kutoka kwenye feri MV Harambee tarehe 29 Septemba lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58. Kwenye kina kile mtu hutumia hewa karibu mara saba ya anayoitumia juu. Kazi ya namna hiyo haiwezi kutegemea mitungi ya kubebwa kwa basi.

Nyongeza moja kuhusu Mombasa, kwa vijana wa huku wanaokwenda kujifunzia pwani na kurudi na cheti. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapa ni ndogo, na majedwali ya kupiga mbizi ya baharini hayatumiki yalivyo: mita 20 za Kisumu zihesabiwe kama 22 au 23. Maji yasiyo na chumvi yanahitaji risasi chache kiunoni. Na anayetoka majini hapa asiingie kwenye matatu ya Nairobi jioni ileile, kwa sababu barabara ya Kericho hupanda zaidi ya mita 2,000, na naitrojeni iliyobaki mwilini inaweza kutoa mapovu yanayopooza viungo. Mkufunzi wa Diani hana haja ya kukueleza kuhusu Kericho. Anayejaza mitungi kando ya ziwa hili anayo, na maelezo hayo ni sehemu ya unacholipia kwake.

“Vijana wa ufuoni huzamia bila mitungi, na serikali ina wapiga mbizi wake.”

Vijana hao nawaheshimu sana. Ni wao wanaoitwa mtumbwi unapopinduka, ni wao wanaowatoa marehemu, na mara nyingi hulipwa kwa harambee ya familia iliyofiwa. Karibu na mji kina ni mita chache, na wanaweza. Lakini pumzi ya kifua haimpi mtu nafasi ya kupekua sakafu ya ziwa hatua kwa hatua, kwenye maji ya tope, chini ya gugu maji, katikati ya nyavu zilizotelekezwa. Nje ya ghuba ziwa huendelea hadi karibu mita 80. Na anayenaswa na wavu akiwa hana hewa hana hata dakika ya kutafuta kisu.

Kinachosahaulika ni kwamba mtungi huokoa walio hai pia. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, zaidi ya watu 220 walikufa. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa kivuko hicho akiwa hai, kutoka chumba kilichokuwa kimebakiza hewa. Hakuna mtu ambaye angemfikia kwa pumzi ya kifua.

Na serikali? Kenya ina Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilichoanzishwa kwa sheria ya 2018, na wanamaji wake wana ujuzi mkubwa. Lakini hata mpiga mbizi wa serikali hupumua hewa iliyojazwa mahali fulani, na Bukoba inatosha kuonyesha kinachotokea mahali hapo pasipokuwa tayari. Sare ya kikosi haijazi mtungi.

“Ziwa letu ni tope. Watalii hawaji kuona kitu. Biashara hiyo itakufa tu.”

Watalii wachache, nakubali. Ghuba ya Winam si Watamu, na sitamdanganya mtu kwamba ataona samaki wa rangi. Lakini tazama kazi zilizo majini leo. Kuanzia Usenge hadi pwani ya Homa Bay kuna maelfu ya vizimba vya ngege. Wavu wa kizimba ukitoboka samaki hutoroka, nanga ikisogea vizimba hugongana, samaki waliokufa wakilundikana chini huoza. Kila moja ya kazi hizo inahitaji mtu chini ya maji. Bandari ya Kisumu imefufuliwa, meli zinaundwa na kutengenezwa hapahapa, na meli ina tumbo na rafadha za kukaguliwa. Kuna mabomba ya kuchotea maji ya mji, kuna gati la mafuta, kuna watafiti wa samaki.

Wateja wapo. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajipangia peke yake: huyu anaagiza kijikompresa cha bei rahisi mtandaoni, kinakufa filta ya kwanza ikiisha kwa kuwa hakuna anayeijua, yule anamleta mkandarasi kutoka pwani pamoja na vifaa vyake, mwingine anamwambia kijana wa ufuoni avute pumzi aingie. Wakijaza mahali pamoja, bei ya kila mtungi itashuka, na mashine itakuwa imewashwa siku ambayo mtumbwi utapinduka.

Hili halimpi muuzaji ruhusa ya kutoza anavyotaka. Anayeuza hewa aonyeshe daftari la saa za filta, cheti cha kupimwa kwa hewa yake, na muhuri wa ukaguzi kwenye kila mtungi anaoukodisha. Bomba lake la kuvuta hewa liwe mbali na jenereta na barabara. Asiyeweza kuonyesha haya asilipwe, awe jirani yako au ndugu yako.

Anayeweza, alipwe. Kaunti tano za Kenya zinapakana na ziwa hili: Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori. Naziomba ziingie mkataba wa pamoja wa mwaka wa kujaza mitungi, ziweke idadi yake ya kila mwezi kwenye bajeti, na ziwagharimie mafunzo vijana wa ufuoni ambao tayari wanaifanya kazi hii kwa vifua vitupu. Nanyi wenye vizimba, kabla ya kuagiza mashine nyingine mtandaoni, nendeni kwa aliye karibu nanyi, mwombeni daftari la filta, na mkiliona liko sawa, mjaze kwake.