Aliyepona Anashuhudia, Aliyekufa Ananyamaza



Unakumbuka mwaka 2020. Ugonjwa wa Korona ulienea katika dunia yote, na hakuna munganga aliyekuwa na dawa yake. Watu waliogopa. Ndipo jina moja likaanza kupita kinywa kwa kinywa: klorokini. Sisi wa Kongo tuliijua dawa hiyo tangu zamani. Wazazi wetu waliimeza kwa ajili ya malaria, mpaka vijidudu vya malaria vilipoizoea na nguvu yake ikapunguka. Ni chungu, bei yake ni ndogo, na kila mutu anajua jina lake. Kwa hiyo wengi walisema: “Ni hii itakayotuokoa.”

Leo tunajua kwamba haikuwaokoa wagonjwa wa Korona. Tufikiri pamoja namna gani dawa isiyopimwa inapata sifa kubwa, kwa sababu ugonjwa mwingine utakuja, na jina la dawa nyingine litapita kinywa kwa kinywa.

SIFA ILITOKA WAPI?

Kwanza, ilitoka katika chombo cha kioo. Wataalamu waliweka klorokini pamoja na vijidudu vya Korona ndani ya kioo, na vijidudu vilizuiwa. Neno hilo ni kweli. Lakini mwili wa mutu si chombo cha kioo. Sabuni pia inaua vijidudu vya Korona juu ya mikono. Nani atakunywa sabuni?

Pili, ilitoka kwa wakubwa. Mwezi wa 3 mwaka 2020, munganga Didier Raoult wa Marseille, katika Ufaransa, alitangaza habari ya wagonjwa wachache waliopewa hidroksiklorokini, iliyo ndugu ya klorokini. Wagonjwa 26 walipewa dawa. Lakini 6 kati yao hawakuhesabiwa mwishoni. Watatu walikuwa wamepelekwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mumoja alikuwa amekufa, na wawili wengine waliacha dawa au hospitali. Ukiwaondoa hao katika hesabu, namna gani dawa haitaonekana njema? Siku zilezile Donald Trump, rais wa Marekani, aliisifu mbele ya watu wote. Gazeti la wanganga lililopiga chapa habari ile liliikataa mwezi wa 12 mwaka 2024. Lakini sifa ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia.

Tatu, ilitoka kwa watu waliopona, na njia hii ina nguvu kuliko zote. Wagonjwa wengi wa Korona walipona bila dawa yoyote ya pekee. Aliyemeza klorokini alisema: “Klorokini imeniponya.” Aliyekunywa maji ya majani alisema: “Majani yameniponya.” Ndugu, wewe mwenyewe unajua kwamba mafua yanakwisha kwa siku chache. Ukifunga kamba ya mugomba kwenye muguu wako siku ya kwanza, siku ya saba utaisifu kamba.

Na yule aliyemeza dawa ileile akakufa? Yeye hawezi kusimama na kushuhudia. Tunasikia sauti za upande mumoja tu.

JE, KUNA HASARA GANI?

Wengine wanasema: “Kama haisaidii, haiharibu.” Hapana. Klorokini ikizidi inaweza kusimamisha moyo. Katika muji wa Lagos, inchi ya Nigeria, mwezi wa 3 mwaka 2020, watu walipelekwa hospitali kwa sababu walimeza klorokini nyingi mno. Tena kuna wagonjwa ambao hidroksiklorokini ni dawa yao ya kweli, kama wenye ugonjwa wa lupus. Hao walikosa vidonge vyao katika farmasi, kwa sababu wengine walikuwa wamevinunua vyote. Na kuna hasara nyingine isiyoonekana: mutu anabaki nyumbani na vidonge vyake, pumzi inapunguka, na anafika kwetu akiwa amechelewa.

DAWA INAPIMWA NAMNA GANI?

Mwuzaji mwaminifu hapimi kwa macho, anatumia mizani. Mizani ya dawa ni hii: wagonjwa wanagawanywa kwa kura, wengine wanapewa dawa, wengine wanatunzwa kama kawaida bila dawa hiyo. Kisha wote wanahesabiwa, wazima na wafu.

Katika Uingereza walifanya hivyo mwaka 2020. Wagonjwa 1,561 walipewa hidroksiklorokini, na 3,155 walitunzwa bila dawa hiyo. Baada ya siku 28, katika kila watu 100 wa kundi la kwanza, 27 walikuwa wamekufa; katika kila 100 wa kundi la pili, 25. Dawa haikuokoa.

Lakini mizani ileile ilionyesha dawa nyingine ambayo watu hawakuiimba: deksametasone, dawa ya zamani na ya bei ndogo. Kwa wagonjwa waliopumua kwa mashine, ilipunguza vifo kwa theluthi moja. Kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni haikusaidia. Hata dawa njema ina mahali pake.

Wengine wanakasirika na kusema: “Kupiga kura juu ya wagonjwa ni kuwachezea.” Ninawajibu kwa habari ya inchi yetu wenyewe. Mwaka 2014, katika Liberia, wamisionari wawili wa Marekani walishikwa na Ebola. Walipewa dawa mupya, ZMapp, nao wakapona. Dunia yote ikaisifu. Munganga Abraham Borbor wa Liberia alipewa dawa ileile, naye akakufa. Ni wangapi wanalijua jina lake?

Ebola ilipokuja Beni na Butembo mwaka 2018, munganga wetu Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliweka dawa nne juu ya mizani, na ZMapp ilikuwa mumoja wao. Mwaka 2019 hesabu ilionekana. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa ZMapp, karibu 50 walikufa. Kwa dawa mbili nyingine walikufa karibu 34 na 35. Mumoja wa dawa hizo mbili ilitokana na damu ya mutu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995. Kama tungeifuata sifa, tungeendelea kutoa ile iliyo na nguvu kidogo, na watu wetu wangekufa huku tunashukuru.

NENO KWA KANISA NA KWA WAUGUZI

Mimi siwadharau wenye kutafuta majani na magamba ya miti. Kinini ilitoka katika gamba la muti, na dawa kubwa ya malaria ya siku hizi ilitoka katika majani ya artemisia. Lakini hata hizo zilipita kwenye mizani.

Ndugu katika kanisa, ukipona, simama umushukuru Mungu kwa moyo wote. Lakini usitangaze jina la kidonge pale mbele. Mama aliyeketi nyuma yako ana mutoto mwenye homa, naye atauza kuku wake kesho ili akinunue. Muchungaji, neno lako lina uzito kuliko tangazo la farmasi. Lichunge.

Na wewe muuguzi, mugonjwa akikulilia akitaka dawa ambayo haijapimwa, ni vigumu kusema hapana. Mukono mutupu unaonekana kama moyo mugumu. Lakini kumupa dawa ili anyamaze si upendo. Keti karibu naye, umupe maji, upime pumzi yake, umwambie kweli.

Jina la dawa mupya likifika katika kijiji chako, uliza maneno matatu:

1. Wangapi waliipata, na wangapi kati yao walikufa?
2. Wale ambao hawakuipata, wangapi walipona?
3. Nani amehesabu, na je, yeye ndiye anayeiuza?

Kama hakuna anayeweza kujibu, funga mufuko wako, na uje hospitali mapema.