Saratani kali ya matiti: mitishamba iko karibu, hospitali iko mbali

Saratani ya matiti iitwayo hasi-tatu huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, wengi wao wakiwa bado vijana. Seli zake hazina vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, wala wingi wa protini ya HER2. Kwa hiyo vidonge vya kuzuia homoni, kama tamoksifeni, havifui dafu.

Matumaini yanayoelekezwa kwenye mimea si ya bure. Paklitakseli, mojawapo ya dawa kuu za ugonjwa huu, ilitokana na gome la mti wa Marekani lililokusanywa mwaka 1962. Idhini ya kutibu saratani ya matiti ilipatikana mwaka 1994, yaani baada ya miaka 32 ya kuichuja, kuipima na kukadiria dozi. Mti wenyewe una sumu iwezayo kusimamisha moyo. Hakuna aliyepona kwa kunywa maji yake.

Kurkumini ya manjano nayo huua seli za saratani maabarani, lakini ikimezwa mwili hufyonza kidogo mno.

Hata hivyo, kumlaumu mgonjwa anayeanzia kwa mganga ni kukwepa suala lenyewe. Taasisi ya Saratani ya Uganda iko Kampala, Ocean Road iko Dar es Salaam, Butaro iko kaskazini mwa Rwanda. Kwa mwanamke wa Goma au Bujumbura, nauli, malazi na gharama za vipimo hutangulia dozi ya kwanza. Muuza mitishamba yuko sokoni, na hukubali kulipwa kidogo kidogo, huku uvimbe ukizidi kukua.