Mishale ya Marekani: bidhaa nzuri, soko bovu

UKURASA huu kwa kawaida hupima kahawa, pamba, korosho na fedha za kigeni. Leo tunapima bidhaa isiyotiwa guniani wala kupakiwa melini: ushindi wa mpiga mishale. Bidhaa hiyo nayo ina bei. Kila inapofika michezo ya Olimpiki, makampuni ya kamari ya Marekani na Ulaya hutangaza bei ya kila mshindani, na bei hizo hupanda na kushuka kama za pamba mnadani. Penye bei pana wanunuzi, na penye wanunuzi ni kazi yetu kuuliza kama wanachopata kinalingana na fedha wanazotoa.

Kwa maoni yetu hakilingani. Wapiga mishale wa Marekani wanastahili kufuatiliwa, tena kwa makini, maana wamo miongoni mwa mafundi wa juu kabisa duniani. Lakini kuwanunua kwa bei wanazopangiwa na makampuni ya kamari ni kujitafutia hasara, nasi tunasema hivyo kwa sababu za hesabu. Mambo ya dini na maadili tunawaachia wenye kurasa zao.

Tuanze na soko lenyewe. Kwa miaka mingi kubashiri michezo kulikuwa kumefungwa katika sehemu kubwa ya Marekani kwa sheria ya mwaka 1992, na Nevada ndiyo iliyokuwa na uhuru mpana. Tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliitengua sheria hiyo katika shauri lililotoka jimbo la New Jersey, na tangu hapo majimbo yamekuwa yakiifungua biashara hiyo moja baada ya jingine. Fedha nyingi zimekimbilia futiboli ya Kimarekani, mpira wa kikapu na besiboli. Mishale imewekwa kwenye rafu ya nyuma, pamoja na bidhaa ambazo mwenye duka huzipangusa vumbi sikukuu ikikaribia.

Soko jembamba lina tabia zake, na yeyote aliyewahi kuuza mazao anazijua. Penye wanunuzi wengi na wauzaji wengi, bei hupimwa kila saa na makosa husahihishwa upesi. Penye wachache, bei huwa ya kukisia, na muuzaji anayekisia hujilinda. Kwanza huweka kikomo cha dau, ili mjuzi mmoja asije akamfilisi. Pili huipanua nafasi iliyopo kati ya bei ya haki na bei anayoitangaza.

Chukua mfano wa mpambano wa watu wawili walio sawa kabisa. Bei ya haki ni 2.00 kwa kila mmoja: ukiweka shilingi 1,000 na kushinda, unarudishiwa 2,000. Tuseme kampuni inatangaza 1.83 kwa kila upande. Anayeweka shilingi 1,000 mara mia moja, akashinda hamsini na kushindwa hamsini, ametoa 100,000 na kurudishiwa 91,500. Shilingi 8,500 zimebaki mezani, na hakuna kosa lolote alilofanya katika ubashiri wake. Ili azirudishe fedha zake tu, bila faida hata ya nauli, inambidi ashinde karibu mara 55 katika 100.

Je, yupo awezaye kubashiri mishale kwa usahihi huo? Hapa inabidi kuelewa jinsi mchezo unavyochezwa, maana ndipo fedha zinapopotelea.

Mpiga mishale wa Olimpiki husimama mita 70 kutoka kwenye shabaha yenye kipenyo cha sentimita 122. Duara la pointi 10 lina sentimita 12.2 tu. Kwanza hupigwa duru ya kupanga nafasi, mishale 72, jumla ya juu kabisa ikiwa 720. Hapo fundi na mwanafunzi hujulikana. Akiwapo mmoja mwenye wastani wa 9.5 kwa mshale na mwingine wa 9.3, mishale 72 itawatenganisha kwa pointi kama 14, na hakuna atakayebisha.

Lakini medali ya mtu mmoja haitolewi hapo. Hutolewa katika mipambano ya ana kwa ana, na tangu 2010 mipambano hiyo hupigwa kwa seti. Seti ni mishale mitatu kwa kila mmoja. Mshindi wa seti hupata pointi 2, wakitoka sare kila mmoja hupata 1, na anayefika 6 kwanza ndiye mshindi. Wale wale wawili tuliowataja, katika mishale mitatu tofauti ya ufundi wao haifiki hata pointi moja. Upepo mdogo unatosha kuimeza. Zaidi ya hayo, kushinda seti kwa 30 dhidi ya 26 hakuna faida kuliko kuishinda kwa 30 dhidi ya 29. Ziada yote inamwagwa. Wakifika 5-5 hupigwa mshale mmoja mmoja, na ulio karibu zaidi na kitovu huchukua kila kitu. Utaratibu huo umeuchangamsha mchezo sana, hilo tunalikiri. Ila kinachomchangamsha mtazamaji ndicho kinachomkausha mnunuzi.

Brady Ellison wa Arizona ni mfano ulio wazi kuliko yote. Amekwenda Olimpiki tano mfululizo, tangu Beijing 2008 hadi Paris 2024. Ameshinda fainali ya Kombe la Dunia mara tano, miaka ya 2010, 2011, 2014, 2016 na 2019. Mwaka huo wa 2019 alikuwa pia bingwa wa dunia, na huko Lima, katika michezo ya nchi za Amerika, aliweka rekodi ya dunia ya pointi 702 katika mishale 72. Kwa ubora wa mali, hakuna wa kumtilia shaka.

Sasa tazama aliyemnunua alipata nini. London 2012 Ellison alikwenda akiwa wa kwanza duniani, akatolewa mapema na Taylor Worth wa Australia. Rio 2016 alishindwa nusu fainali kwa mshale wa kuamua mbele ya Ku Bon-chan wa Korea Kusini, akarudi na shaba. Katika michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021 alitolewa robo fainali na Mete Gazoz wa Uturuki, ambaye hatimaye alitwaa dhahabu. Hata Lima kwenyewe, alikoweka rekodi yake, dhahabu ya mtu mmoja ilikwenda kwa Crispin Duenas wa Canada.

Kisha ikaja Paris. Tarehe 4 Agosti 2024 Ellison alikutana na Kim Woo-jin wa Korea Kusini katika fainali. Seti ya tano kila mmoja alipiga 30, matokeo yakawa 5-5. Mshale wa kuamua: Kim 10, Ellison 10. Wakapima. Wa Kim ulikuwa milimita 55.8 kutoka kitovuni, wa Ellison 60.7. Tofauti ni milimita 4.9, pungufu ya unene wa penseli. Jioni ile aliyeweka dau lake kwa Kim alijiona mjuzi na aliyeliweka kwa Ellison alijiona mjinga, wakati wote wawili walikuwa wamenunua kitu kile kile.

Wala tusidhani kwamba dawa ni kumwacha Mmarekani na kumkimbilia Mkorea. Ni kweli wanawake wa Korea Kusini wameshinda dhahabu ya timu katika kila Olimpiki tangu 1988 hadi 2024, na kila muuzaji anajua hivyo. Bei yao ni ndogo kiasi kwamba faida yake haitoshi kununulia chai. Kwa mtu mmoja mmoja hali ni nyingine. Kim huyo huyo, Rio 2016, alipiga pointi 700 katika duru ya kupanga nafasi, rekodi ya dunia wakati ule, kisha akatolewa katika raundi ya pili na Riau Ega Agatha wa Indonesia. Waliomnunua asubuhi waliyachana makaratasi yao kabla ya mashindano kufika katikati.

Kuhusu Wamarekani kuna gharama ya ziada, nayo ni gharama ya jina. Mnunuzi wa Marekani, kama mnunuzi wa popote, hupenda kununua cha kwao. Historia inamsukuma: John Williams na Doreen Wilber walitwaa dhahabu mwaka 1972, Darrell Pace mwaka 1976 na tena 1984, Jay Barrs mwaka 1988, Justin Huish mwaka 1996 huko Atlanta. Anayekumbuka orodha hiyo husahau kwamba baada ya Huish hakuna Mmarekani aliyepata dhahabu ya Olimpiki ya mtu mmoja, hadi Paris ilipomalizika. Casey Kaufhold wa Pennsylvania alikwenda Paris akiwa juu ya orodha ya wanawake duniani. Alipata shaba pamoja na Ellison katika timu ya mchanganyiko, jambo la heshima kubwa, lakini mwenye dau la dhahabu ya mtu mmoja hakupata kitu.

Kuna pia suala la taarifa. Mwaka 2018 Ellison alisumbuliwa na maumivu ya vidole kiasi cha kufikiria kuacha mchezo. Mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia. Katika hali zote mbili, walioujua ukweli mapema ni watu wa nyumbani kwake na wa uwanja wake wa mazoezi. Mnunuzi aliyeko mbali huletewa habari ikiwa imeshaingia ndani ya bei, au asiletewe kabisa.

Wapo watakaosema basi tuhamie kwenye upinde wa roda, ule wenye vigurudumu viwili na darubini ndogo, ambako Wamarekani wana nguvu zaidi. Hapo tatizo ni jingine. Kila mwaka mji wa Las Vegas huwa na mashindano ya ndani yaitwayo The Vegas Shoot. Kwa upinde wa roda, washindani wa daraja la juu hupiga siku tatu, mishale 30 kila siku, jumla ya juu 900, na wanaofika 900 bila kukosa hata pointi moja ni wengi kiasi kwamba lazima wapigane tena kutafuta bingwa. Ni kama kuitwa kwenye mnada ambako magunia yote ni daraja la kwanza, halafu uambiwe utaje lipi litachaguliwa. Kwamba mashindano hayo yamekuwa yakifanyika katika mji wa kasino ni kichekesho ambacho hatukukibuni sisi.

Kwa kulinganisha, lipo soko moja la mishale linalofanya kazi karibu kila siku, nalo haliko Marekani. Ni Shillong, katika jimbo la Meghalaya nchini India, ambako kamari ya mishale iitwayo teer ilihalalishwa kwa sheria ya jimbo ya mwaka 1982. Wapiga mishale hupiga shabaha ya nyasi zilizofungwa, mishale iliyonasa huhesabiwa, na tarakimu mbili za mwisho za hesabu hiyo ndizo namba ya ushindi. Watu huchagua namba kwa ndoto zao. Malipo ya kawaida ni 80 kwa 1 katika duru ya kwanza na 60 kwa 1 katika ya pili. Kwa kuwa namba ni mia moja, kutoka 00 hadi 99, mwenye meza hubakiwa na 20 katika kila 100 duru ya kwanza, na 40 duru ya pili. Ni bei ya kutisha. Hata hivyo mnunuzi wa Shillong anajua kwamba amenunua bahati. Hajaambiwa kwamba akisoma takwimu za Ellison usiku kucha atatajirika, na kwa maoni yetu hilo linampunguzia nusu ya hasara.

Jambo la mwisho linawahusu wapiga mishale wenyewe. Shirikisho la mchezo huo duniani, lenye makao Lausanne, linawakataza wachezaji na maofisa kubashiri mchezo wao, na lina haki kuwa na wasiwasi. Mpiga mishale huwa peke yake na mshale mmoja. Akipiga 8 badala ya 10 hakuna refa wala kamera iwezayo kusema kama ni upepo, uchovu au bahasha. Mchezo huu hauna mishahara mikubwa. Kadiri fedha za kamari zinavyoongezeka juu ya watu wenye kipato kidogo, ndivyo kishawishi kinavyokua, na ndivyo matusi ya waliopoteza dau yanavyomfikia kijana aliyekosa kwa milimita tano.

Olimpiki ya 2028 itafanyika Los Angeles, na kwa mara ya kwanza itakuwa na upinde wa roda, kwa timu ya mchanganyiko ya mwanamume na mwanamke. Wamarekani watakuwa nyumbani, na tunatarajia bei zao zitatangazwa mapema zikiwa zimeshaongezwa uzito wa bendera. Atakayekaidi na kutaka kununua angoje duru ya mishale 72 imalizike, alinganishe pointi za kila mmoja na bei aliyopewa, kisha aangalie kikomo cha dau. Akikuta kampuni inampokea kiasi chochote anachotaka, aondoke dirishani.