Kivu: Maji ya mtoto mchanga hupitia kwa mama yake

Tangu miji ya Goma na Bukavu iangukie mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, misaada inayopelekwa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imekuwa ikipimwa kwa tani za unga, idadi ya mahema na lita za maji. Lipo kundi moja ambalo vipimo hivyo haviligusi: watoto ambao hawajatimiza miezi sita. Hawali unga wala hawapaswi kunywa maji. Hata hivyo, uhai wao hutegemea maji kuliko uhai wa mtu mwingine yeyote.

Mnamo Januari 27, 2025, waasi walipoingia Goma, umeme ulikuwa umekwisha kukatika na pampu zinazosukuma maji ya mji zilikuwa zimesimama. Wakazi waliteremka na madumu hadi ufukweni mwa Ziwa Kivu na kuchota maji yasiyotibiwa. Wiki chache baadaye, kambi zilizouzunguka mji, zilizokuwa zikihifadhi mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani, zilivunjwa, na familia zikaamriwa kurejea vijijini ambako nyumba nyingi hazikuwapo tena, wala vituo vya afya havikuwa na dawa.

Kipindupindu hakikuhitaji mwaliko. Hadi Desemba 2025, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilikuwa limehesabu wagonjwa zaidi ya 60,000 na vifo zaidi ya 1,800 nchini Kongo kwa mwaka huo, likiutaja mlipuko huo kuwa mbaya zaidi kwa taifa hilo katika kipindi cha miaka 25. Kwa mujibu wa shirika hilo, ni asilimia 43 tu ya Wakongo wanaopata angalau huduma ya msingi ya maji.

Kumbukumbu ya 1994

Goma inaujua ugonjwa huu. Mnamo Julai 1994, wakimbizi wapatao laki nane kutoka Rwanda waliingia Kivu Kaskazini kwa siku chache tu. Ardhi ya eneo hilo ni mwamba wa volkano, mgumu kuchimbwa visima na mgumu zaidi kuchimbwa vyoo. Watu walichota maji ziwani na kujisaidia palepale walipolala. Watafiti waliofanya kazi katika kambi hizo walikadiria kwamba takriban watu 50,000 walifariki dunia katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Mwamba ule haujabadilika. Kilichobadilika ni ujuzi. Leo inafahamika vizuri jinsi ya kumkinga mtoto mchanga katika mazingira kama hayo, na kinga hiyo si ya gharama kubwa. Shirika la Afya Duniani, WHO, na UNICEF zinaelekeza kwamba mtoto anyonyeshwe ndani ya saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Pekee maana yake ni pekee: asipewe maji, maji ya sukari, chai, uji mwepesi wala dawa za miti shamba. Zinazoruhusiwa ni dawa alizoandikiwa na mhudumu wa afya, zikiwamo chumvi za kurudisha maji mwilini pale anapozihitaji.

Agizo hilo huwashangaza wengi, hasa panapokuwa na joto. Mantiki yake ni nyepesi. Zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo mtoto anaponyonya hula na kunywa kwa wakati mmoja. Tumbo lake ni dogo, na kijiko cha maji hukalia nafasi ya maziwa. Akishiba maji hunyonya kidogo, na titi lisilonyonywa hupunguza kutoa maziwa. Siku chache baadaye mama husema maziwa yamekauka, ilhali ni kijiko kile kilichoyapunguza. Tena, maji yenyewe yakiwa yametoka ziwani moja kwa moja, mtoto huwa amefunguliwa mlango wa ugonjwa ambao titi lilikuwa limeufunga.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba hofu na njaa huyakausha maziwa kabisa. Kwa kweli, mshtuko unaweza kuchelewesha maziwa kutoka kwa muda, lakini hausimamishi utengenezaji wake. Mama aliyekonda pia huweza kumnyonyesha mwanawe, ingawa mwili wake ndio unaolipa. Anachohitaji ni chakula, maji ya kunywa, mahali pa kuketi kwa utulivu na mtu wa kumsaidia amweke mtoto vizuri kwenye titi, tena na tena, mchana na usiku.

Kopo lenye nia njema

Kila vita na kila mafuriko yanapozuka, wahisani hukusanya maziwa ya kopo. Nia ni njema, ila matokeo mara nyingi si mema. Unga wa maziwa ya watoto hauzalishwi ukiwa hauna vijidudu kabisa. Ndiyo maana WHO inaelekeza uchanganywe na maji yaliyochemshwa ambayo joto lake halijashuka chini ya nyuzi 70, kisha maziwa yapozwe na kunywewa mara moja. Agizo hilo lina maana kwa mwenye jiko, mkaa, sufuria safi na maji ya kutosha. Kwa mama anayelala chini ya turubai, kila mlo wa mtoto, mara nane kwa siku, huwa ni mtihani mpya.

Isitoshe, kopo huisha. Mtoto asiyenyonya huhitaji takriban kilo 20 za unga katika miezi sita ya kwanza. Mama aliyepewa makopo mawili hupata riziki ya siku chache, na katika siku hizo hizo maziwa yake mwenyewe hupungua. Makopo yakiisha, huanza kuongeza maji ili unga udumu. Mtoto huonekana ameshiba, kumbe anadhoofika.

Botswana iliujifunza ukweli huo kwa uchungu. Serikali ya nchi hiyo ilikuwa ikigawa maziwa ya kopo bure kwa akina mama wenye virusi vya UKIMWI, kwa lengo la kuwalinda watoto dhidi ya maambukizi. Mwanzoni mwa 2006, baada ya mvua kubwa, maji yalichafuka na kuhara kukaenea. Mamia ya watoto walifariki dunia, na uchunguzi ulionyesha kwamba wengi wa waliolazwa hospitalini walikuwa wale wasionyonya. Hiyo ilikuwa nchi yenye amani, barabara nzuri na mtandao wa maji ya bomba. Leo WHO inashauri mama mwenye virusi anyonyeshe huku akitumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo.

Mataifa yalikwisha kuiona hatari hiyo. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mwaka 1981 kanuni za kudhibiti uuzaji wa maziwa mbadala, kwa kura 118 dhidi ya moja, ya Marekani. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na Kenya ikapitisha sheria yake mwaka 2012. Miongozo ya kimataifa ya lishe wakati wa dharura nayo inawataka wahisani wasitoe wala kuomba misaada ya maziwa ya kopo.

Hilo halimaanishi kwamba kopo halina nafasi. Wapo watoto waliofiwa na mama zao, na wapo waliotenganishwa nao njiani. Kwa hao, hatua ya kwanza ni kutafuta mwanamke mwingine wa kuwanyonyesha, baada ya kupimwa afya. Asipopatikana, maziwa ya kopo hutolewa baada ya mtoto kuonwa na mtaalamu, kwa kiasi kitakachodumu hadi umri wake utakapokuwa hauyahitaji tena, pamoja na kuni au mkaa na maji safi. Mtoto hunyweshwa kwa kikombe. Chupa ya kunyonyeshea ni ngumu kusafishwa, na vijidudu hujificha kwenye chuchu yake ya mpira.

Msaada usioonekana kwenye picha

Hapa ndipo siasa inapoingia. Januari 20, 2025, wiki moja kabla ya Goma kuanguka, Rais Donald Trump aliagiza misaada ya Marekani kwa nchi za nje isitishwe kwa siku 90 ili ikaguliwe. Hadi Julai mosi mwaka huo, shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limefungwa. Wahisani wengine, hasa wa Ulaya, nao wamepunguza bajeti zao.

Panapokuwa na upungufu, wagawaji hulinda kwanza vile vinavyohesabika. Katoni za chakula cha tiba cha karanga zina namba, zina maghala na hupigwa picha. Chakula hicho kimeokoa watoto wengi, lakini ni cha mtoto aliyetimiza miezi sita. Mdogo zaidi hawezi kukila. Kinachomwokoa huyo ni mkunga aliyelipwa mshahara, mshauri wa unyonyeshaji anayepita hema kwa hema, kivuli cha kunyonyeshea, na mgao wa ziada wa chakula na maji kwa mama. Vitu hivyo havina katoni. Vinapofutwa kwenye bajeti, hakuna ghala litakaloonekana tupu.

Mama aliyeugua kipindupindu naye husahaulika. Anapaswa kuendelea kunyonyesha mara tu anapoweza kumshika mwanawe, kwani maziwa yake hayapitishi ugonjwa huo. Kinachotakiwa ni mikono safi. Mtoto anayehara naye aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi ya kawaida. Akikataa titi, akilegea, macho yakidumbukia au mkojo ukipungua, asingojewe hadi asubuhi. Apelekwe kituo cha afya. Swali ni kama kituo kipo, na kama barabara ya kukifikia iko wazi.

Ziwa moja, hatari moja

Suala hili halikomi kwenye mipaka ya Kongo. Bukavu ilipoanguka Februari 2025, makumi ya maelfu ya watu walivuka Mto Rusizi kuingia Burundi, wengi wakilala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke, kabla ya baadhi yao kuhamishiwa Musenyi. Desemba, mapigano yalipofika Uvira, wimbi jingine lilifuata. Uvira inatazamana na Bujumbura ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hilo ndiyo yanayotumiwa na vijiji vya mkoa wa Kigoma.

Tanzania imewahi kuionja hali hiyo. Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana katika kijiji cha Kagunga, kando ya ziwa, kipindupindu kilizuka na kuua watu wapatao 30. Kambi ya Nyarugusu, inayohifadhi Wakongo tangu 1996, bado ipo.

Mwezi huo huo wa Desemba, Marais Félix Tshisekedi na Paul Kagame walikuwa wametia saini makubaliano mjini Washington. Amani ikipatikana itafungua barabara na kuwasha pampu, lakini mtoto aliyezaliwa wiki hii Minova au Fizi atatimiza miezi sita kabla ya mengi ya hayo kutekelezwa. Kwa miezi hiyo, dumu la maji safi analokabidhiwa mama yake ndilo dumu lake.