Kabla ya Dubai, Vuka Malaba

Leo nina neno kwa vijana wenzangu wa Kakamega, hasa sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta tukiandika programu. Litawaudhi baadhi yenu. Haidhuru.

Kijana wa hapa akipata pesa yake ya kwanza ya maana, utamsikia anataka "kutoka nje". Muulize wapi, atakutajia Dubai. Jengo refu, ngamia, picha kumi, kisha nyumbani. Sina ugomvi na Dubai. Ugomvi wangu ni na imani kwamba nchi za nje huanzia kwenye uwanja wa ndege. Hatukuzaliwa na imani hiyo. Tumefundishwa, na walimu wetu siku hizi ni tovuti na programu za safari.

Fanya jaribio. Andika kwamba unatoka Kakamega unakwenda Mbale, Uganda. Mimi nilipojaribu kwenye tovuti moja, niliambiwa nirudi kwanza Nairobi, nipande ndege hadi Entebbe, halafu nijitafutie gari la kunirudisha mashariki hadi Mbale. Yaani nisafiri zaidi ya kilomita 300 nikiipa Uganda mgongo ndipo nifike Uganda! Utingo yeyote wa Bungoma angecheka hadi alie. Njia anayoijua yeye ni hii: Kakamega, Webuye, Bungoma, Malaba, Tororo, Mbale. Lami mwanzo mwisho.

Je, mashine ni jinga? Hapana. Programu ya aina hii huwa na orodha ya vituo na njia zinazoviunganisha, kisha hutafuta njia iliyo nafuu. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Edsger Dijkstra alichapisha ya kwake mwaka 1959 na bado inafanya kazi. Lakini hesabu haiwezi kuona njia ambayo haikuingizwa kwenye data. Wanaoingizwa ni wale wenye tiketi za kuuza mtandaoni: mashirika ya ndege, hoteli, kampuni za watalii. Matatu ya Malaba haina tovuti wala haimpi mtu kamisheni. Basi kwa mashine, matatu hiyo haipo duniani. Halafu tunaletewa orodha ya wenye kulipa, imeandikwa juu yake "mapendekezo kwa ajili yako", nasi tunashukuru.

Sasa tuangalie gharama ya kuamini hivyo. Tangu Juni 2024, mtu mzima anayeomba viza ya Schengen ya kuingia Ulaya hulipa yuro 90, na akinyimwa harudishiwi. Kijana anatoa akiba ya miezi, anaambatanisha taarifa za benki, anasubiri, anaandikiwa barua ya kukataliwa, kisha anarudi kutuambia kwamba kusafiri ni kwa matajiri. Wakati huohuo, mfukoni ana karatasi ya kusafiria ambayo hajawahi kuitumia: kitambulisho chake cha taifa. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwenda nchi hizo tatu kwa kitambulisho tu. Viza hakuna, na pasipoti si lazima. Miaka zaidi ya kumi imepita, na wengi wetu bado tunasubiri ubalozi utukubali.

Najua mtakalosema: "Uganda nayo ni nje?" Swali zuri. Hadi mwaka 1902 sisi wenyewe tulikuwa Uganda. Eneo hili lote la magharibi lilikuwa sehemu ya mkoa wa mashariki wa Uganda, na Hobley alilitawala kutoka Mumias kwa niaba ya wakubwa waliokuwa upande ule. Mwaka huo Waingereza wakausogeza mstari, tukaamka tukiwa upande huu. Wasamia na Wateso mpaka leo wako pande zote mbili. Kwa hiyo usiniambie ng'ambo ile haina cha kukufundisha. Ni nusu ya habari yako mwenyewe, na hujaisoma.

"Lakini kuna nini cha kuona?" Vitabu vya watalii vitakupeleka kwa sokwe wa Bwindi na kwenye chanzo cha Naili pale Jinja. Viache kwanza. Nenda Mbale, chini ya Mlima Elgon. Sikiliza Lumasaba sokoni, na kama unajua Lubukusu utashangaa unavyoelewa. Ukienda Agosti ya mwaka wenye namba shufwa, utakuta msimu wa tohara ya Imbalu unafunguliwa uwanja wa Mutoto, miaka ileile ambayo Wabukusu huku wanatahiri. Panda kilima cha Nabugoye uone sinagogi la Abayudaya, Waganda walioshika dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoigeukia mwaka 1919. Endelea kaskazini hadi Nyero, karibu na Kumi, uone michoro ya kale kwenye miamba, duara ndani ya duara kwa rangi nyekundu na nyeupe.

Basi panga hivi:

1. Chukua kitambulisho halisi. Nakala haitoshi.

2. Chanjwa homa ya manjano angalau siku kumi kabla ya safari, upewe kadi. Tangu Julai 2016 kadi hiyo hutambuliwa kwa maisha yako yote, kwa hiyo hutaijutia.

3. Pakua ramani ya OpenStreetMap kwenye simu ukiwa bado nyumbani. Usitegemee intaneti. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, serikali ya Uganda iliizima kwa siku kadhaa.

4. Pitia kituo cha mpakani uandikishwe. Malaba na Busia ni vituo vya pamoja: unapoenda Uganda unasimama mara moja tu, upande wa Uganda, na maafisa wa nchi zote mbili wako hapo. Njia za panya waachie panya.

5. Soketi za umeme ni zilezile zetu, saa ni ileile, na magari hushika kushoto. Kilichobadilika ni pesa. Jifunze viwango vya kubadilisha kabla hujafika kwa wabadilishaji wa barabarani.

Sisi waandishi wa programu hatupeleki kazi mpya kwa wateja wote siku ya kwanza. Tunaijaribu kwanza pahali ambapo kosa ni rahisi. Safari ya kwanza ni hivyohivyo. Kuvuka mpaka, kuhesabu pesa ngeni, kuwa mgeni asiyejua lugha ya mtaa: jifunze hayo mahali ambapo ukikwama unapanda matatu urudi kwenu jioni. Dubai itakungoja.

Na kwa wenzangu wa fani hii nina ombi moja. Tuache kulalamika kwamba ramani za wenyewe hazituonyeshi. OpenStreetMap iko wazi tangu 2004 na yeyote anaweza kuihariri. Nendeni kwenye steji zetu, muulize matatu zinakwenda wapi, mziandike. Boda boda ilizaliwa mpakani hapa Busia kwa baiskeli. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza la mpaka lililotamkwa mara mbili. Wale jamaa hawakungoja kampuni ya ng'ambo iwachoree njia. Waliiona ilipo, wakabeba abiria.

Mwenye hoja ya kunipinga ailete. Lakini kwanza aniambie: Malaba amewahi kuvuka?