Mwendo wa Kasi Hauondoi Usingizi

Juma lililopita nalisafiri kwa matatu kutoka Karatina kwenda Nyeri. Dereva alikwenda mbio mno, hata bibi mmoja aliyepakata kiondo chake akamwambia, "Mjukuu wangu, punguza mwendo, sisi sote tuna watu wanaotungoja." Yule kijana akacheka, akajibu, "Nyanya, nikienda polepole nitasinzia. Mbio ndizo zinazonifumbua macho." Abiria kadhaa wakamwunga mkono. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, hata kwa watu waliosoma. Kwa hiyo yafaa tulipime.

Ni kweli kwamba barabara iliyonyoka humchosha dereva. Kila aliyepita baina ya Kiganjo na Nanyuki wakati wa jua la alasiri ajua jinsi kope zinavyokuwa nzito. Lakini usingizi hutoka katika mwili uliochoka, wala mbio si dawa yake. Mbio humshtua mtu kwa dakika chache tu. Akisha kuzizoea, kope huwa nzito tena. Tofauti ni kwamba sasa anasinzia huku motokaa ikienda kasi zaidi.

Na tufanye hesabu. Motokaa iendayo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Iendayo kilomita 100 hupita karibu mita 28. Tuseme dereva aliye macho atumia sekunde moja na nusu kuona hatari na kukanyaga breki. Wa kwanza atakuwa amekwenda mita 21, na wa pili mita 42, kabla breki hazijashika. Tena mwendo ukiwa maradufu, nafasi inayohitajika ili breki ziisimamishe motokaa huwa mara nne.

Iko hatari nyingine iliyojificha. Barabara pana ya kutoka Kenol hadi Marua, yenye urefu wa kilomita 84 hivi, imeturahisishia safari, nasi twashukuru. Lakini macho yaliyozoea kilomita 100 hudanganyika. Dereva akiiacha barabara hiyo na kuingia Karatina siku ya soko, hupunguza mpaka 70, akadhani anatambaa, na hali sheria ya mijini ni 50. Mbele yake yuko mama anayevuka na mzigo wa viazi, na nyuma ya mama yuko mtoto.

Mwezi wa Februari 2004 zilianza kutiliwa nguvu kanuni za Waziri John Michuki, zilizoamuru matatu ziwe na mikanda, na vidhibiti mwendo visivyoruhusu kupita kilomita 80 kwa saa. Kanuni hizo zilikuwa njema. Walakini chombo hicho hakiwezi kumfumbua macho dereva aliyechoka. Apigaye miayo, au asiyekumbuka madaraja aliyopita, na asimame mahali salama alale robo saa. Kuchelewa kazini huombewa radhi. Aliyekwisha zikwa hana wa kumwomba.

Watu husema ajali haina kinga. Basi, mbona wahenga hao hao walituambia, kawia ufike? Siku ile bibi alisema peke yake, na sisi wengine, mimi mmojawapo, tukanyamaza. Safari ijayo sitanyamaza, na wewe msomaji usinyamaze.