Mbwa Kupimwa Mkojo Si Kiki, Acheni Ushamba!

Dada mmoja mzaliwa wa Makoongwe, kile kisiwa cha kuvuka kwa boti kutoka Mkoani, Pemba, kaoga matusi mtandaoni. Kosa lake? Anaishi Dar, mbwa wake kaanza kukojoa damu, kampeleka kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo, kaposti. Povu likawatoka watu! "Mpemba na mbwa wapi na wapi?" Wengine eti ampe tu ibuprofen yaishe.

Yaishe au afe? Ibuprofen inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mkojo wa damu unaweza kuwa maambukizi, mawe kwenye kibofu au uvimbe; kwa macho hujui. Na dume akijikamua bila kutoa hata tone, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo.

Kile kijiti kilichochovywa kwenye mkojo wa mbwa, watoto wa shule Pemba wamepimwa kwa vijiti kama hivyo kusaka damu ya kichocho. Kijiti kinaonyesha damu, hadubini inatafuta mayai ya kichocho. Kwa mbwa inatafuta bakteria na chembe za mawe. Mbona kule hamkucheka?

Najisi? Sawa, mate yake huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Ila dini hiyo hiyo inasimulia aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa.

Kituko ni jitu zima linaloona damu chooni wiki ya tatu, linaogopa kupima, ila bando la kumcheka mwenye mbwa linalo.

Wewe unasemaje? Shusha komenti.